Barua ya Wazi: Akaunti Ikiibwa Arua, Tumkimbilie Nani?

Kwa Waziri wa TEHAMA na Mwongozo wa Taifa,
Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Tume ya Mawasiliano ya Uganda,
Kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi,
Na kwa wakuu wa kampuni zote za simu nchini.

Waheshimiwa,

Mimi ni mama muuza vitenge hapa mjini Arua. Wateja wangu wengi wako ng'ambo ya mpaka, Ariwara na Bunia, huko Kongo. Wengine wako Koboko na Yumbe. Mzigo mpya ukifika, napiga picha kila kipande, naandika bei, natuma kwa WhatsApp. Mteja anachagua, analipa kwa simu, nami napakia kwenye gari la asubuhi. Namba yangu ya simu ndiyo duka. Kibanda nilicho nacho sokoni ni stoo tu.

Duka hilo liliibwa siku ya Jumanne, saa tatu kasorobo asubuhi.

Alinipigia mwanamume mwenye sauti ya upole na Kiswahili safi, kile cha mtu aliyekaa darasani. Alinitaja jina langu kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Akasema anaandikisha akina mama wafanyabiashara kwa ajili ya fedha za Mpango wa Maendeleo ya Parokia, ile milioni moja moja ambayo kila mtu mtaani ameisikia. Jina langu limeshapita, kimebaki kuthibitisha namba. "Mama, nimekutumia tarakimu sita. Nisomee, nifunge faili lako." Nilikuwa na kitambaa mkononi, mteja amesimama mbele yangu anasubiri chenji. Nikautazama ujumbe, nikaona tarakimu, nikamsomea. Chini yake kulikuwa na maneno ya Kiingereza yanayosema usimpe mtu namba hii. Macho yangu hayakuyafikia.

Akanishukuru. Kabla sijamaliza kuhesabu chenji, WhatsApp ikajifunga na kuniambia kwamba namba yangu inatumika kwenye simu nyingine.

Watu wengi wameniuliza jina langu kamili alilipata wapi. Jibu ninyi mnalijua kuliko mimi. Mtu yeyote akianza kunitumia pesa kwa simu, jina langu lote linatokea kabla hajathibitisha. Akighairi hapo, hajatoa hata shilingi, na jina amelipata. Naelewa kwa nini jina linaonyeshwa: bila hilo watu wangetuma pesa kwa namba zisizo zao kila siku. Lakini jina la kwanza na herufi ya kwanza ya ukoo vingetosha kumhakikishia mtumaji. Mwizi anapokuita jina lako lote, moyo unalegea. Ndivyo wangu ulivyolegea.

Kilichofuata kilichukua chini ya saa moja. Kwa jina langu, na picha yangu ikiwa pale juu, aliwaandikia watu wangu: "Dada, nipo Vurra, mzigo umekwama forodhani. Niazime laki nne, jioni nakurudishia. Tuma kwa namba hii ya kijana wangu, yangu imejaa." Aliyasoma mazungumzo yaliyokuwa yakiingia, akajua ni nani ananiita dada na nani ananiita shangazi, akamjibu kila mmoja hivyo hivyo. Mteja wangu wa Ariwara alituma 400,000. Mama mmoja wa kikundi chetu cha akiba alituma 150,000, na hizo zilikuwa karo ya mtoto. Jirani yangu wa zamani aliyehamia Koboko akatuma 180,000. Wote watatu waliona jina la mwanamke wasiyemjua likitokea, wakadhani ni msaidizi wangu. Jumla ni 730,000. Kwa mtu wa ofisini huenda si kitu. Hapa sokoni ni mtaji.

Sasa niwaeleze nilivyoitumia siku ile.

Kwanza nilikimbilia duka la huduma la kampuni yangu ya simu. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nilipofika mezani, binti akaniambia kwa adabu kabisa: "Mama, laini yako ni nzima. WhatsApp si yetu." Nikamwomba basi aizuie ile namba inayopokea pesa. Akasema hilo linahitaji barua ya polisi, tena aombe kila aliyetuma, kwa laini yake mwenyewe. Nikaenda kituo cha polisi. Afisa akanisikiliza akiwa amesimama, akasema mambo ya mitandao yanashughulikiwa Kampala, nilete taarifa ya miamala iliyochapishwa. Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500. Nikarudi dukani kuchapisha. Foleni tena. Wakati huo wote mwizi alikuwa anaendelea kuandika, na simu yangu ya mkononi ilikuwa haina la kufanya.

Ilipofika saa mbili usiku, kijana wa shemeji yangu aliyetoka chuoni akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza tangu asubuhi: "Shangazi, umejaribu kuisajili upya?" Akafungua WhatsApp kwenye simu yangu, akaandika namba yangu, ujumbe wenye tarakimu sita ukaja kwenye laini yangu, akaziingiza. Mwizi akatoka. Dakika mbili. Laini ilikuwa mkononi mwangu siku nzima. Na aliye na laini, akiomba tarakimu mpya na kuziingiza, aliyevamia anatolewa papo hapo. Kwa muda wa saa kumi na moja nilizunguka na ufunguo mfukoni nikitafuta fundi wa kuvunja mlango.

Mwizi alikuwa ameweka namba yake ya siri ya hatua ya pili, ile ambayo WhatsApp huiuliza baada ya zile tarakimu sita, kwa hiyo sikuweza kuingia mara moja. Ililazimu kusubiri siku saba ndipo akaunti ifunguke bila namba hiyo. Lakini naye hakuwemo tena. Ningelijua hili saa tatu asubuhi, pengine mteja wa Ariwara asingepoteza laki nne zake.

Hapa ndipo penye shauri langu kuu, Waheshimiwa, na naomba mkiyasahau mengine yote mlishike hili moja. Mtu anapovamiwa, saa ya kwanza ndiyo kila kitu. Katika saa hiyo mimi nilikutana na watu wanne wenye sare au beji, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefundishwa maneno matatu: isajili upya sasa. Siwalaumu. Hakuna aliyewafundisha. Kuwafundisha ni kazi yenu.

Nasema ni kazi yenu kwa sababu ninyi ndio mlioifanya namba ya simu kuwa mtu. Laini zilianza kusajiliwa 2012. Aprili 2017 mkatupa siku saba kila mmoja athibitishe laini yake kwa kitambulisho cha taifa la sivyo ifungwe, na hata muda ulipoongezwa, tulipanga foleni juani, wazee na wajawazito. Tulitii, maana tuliambiwa ni kwa usalama wetu. Tukaweka alama za vidole. Leo kwa namba hiyo hiyo tunalipa karo na umeme, tunaweka akiba, tunapokea pesa za mazishi. Barua pepe ikipotea inarudishwa kwa namba hiyo; Facebook ikifungwa inafunguliwa kwa namba hiyo. Aliyeamuru kila mwananchi awe na mlango mmoja hawezi kusema wizi wa mlangoni haumhusu.

Novemba 2024 ilipokiriwa Bungeni kwamba akaunti za serikali katika Benki Kuu zimedukuliwa, tuliambiwa polisi wa upelelezi na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wako tayari kazini. Ilikuwa haki kabisa. Fedha zile ni zetu sote. Mama wa kikundi chetu aliyepoteza karo ya mtoto naye ana akaunti iliyoingiliwa. Hajapata hata namba ya jalada.

Sheria tunazo. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa tangu Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011. Lakini sisi wa mitaani tunaisikia sheria hiyo pale mtu anapokamatwa kwa maneno aliyoandika. Anapokamatwa mwizi wa akaunti za akina mama, hatuisikii. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 nayo inamtaka anayetunza taarifa zetu aiarifu mamlaka mara tu anapoona zimefikiwa na mtu asiyeruhusiwa. Kisha ni mamlaka inayoamua kama mwenye taarifa aambiwe au la. Kipengele hicho kinaniuma. Kama jina langu, namba yangu na picha ya kitambulisho changu vimetoka kwenye kabati la mtu, mimi ndiye wa kwanza kupigiwa simu na matapeli. Niambieni siku hiyo hiyo, ili akinipigia "afisa" nijue amevitoa wapi.

Kuna jambo la Facebook ambalo lazima lisemwe. Tangu Januari 2021, kabla ya uchaguzi, Facebook imefungwa Uganda, na kila anayeitumia anapitia VPN, programu ya kukwepa kizuizi hicho. Jirani yangu auzaye vipuri vya pikipiki ana ukurasa ambao ndio unaomletea wateja. Kwa kuwa VPN humwonyesha kila siku kana kwamba yuko nchi nyingine, alizoea kupokea onyo: mtu ameingia kwenye akaunti yako kutoka Uholanzi, kutoka Marekani, kutoka Singapuri. Kila mara alikuwa ni yeye mwenyewe, ameketi hapa hapa Arua kando ya mapipa ya oili. Akaacha kuyasoma. Siku mwizi alipoingia kweli, onyo lilikuja kama kawaida, naye akalipuuza kama kawaida. Aliponyang'anywa ukurasa, njia ya kuurudisha ikawa ni kupitia VPN hiyo hiyo, na mtandao ukamshuku yeye mwenye mali kwamba ndiye mgeni, kwa kuwa anaonekana yuko mbali. Mmezima kengele ya moto katika nyumba za watu. Kama kuna sababu ya kuendelea kufunga, ielezeni. Lakini hasara hii ijumuisheni kwenye hesabu.

Kuna wengine ambao hali yao ni mbaya kuliko yangu. West Nile tunaishi na wakimbizi wengi, Rhino Camp, Imvepi, Bidibidi. Wengi wao walipofika hawakuwa na karatasi za kusajilia laini, wakasajiliwa na rafiki, jirani, au ajenti aliyewaonea huruma. Rafiki akihama, simu ikiibwa, mwenye simu hawezi kuirudisha laini, maana kwenye kompyuta yeye si mwenyewe. Pia kuna wafanyabiashara wanaovuka kwenda Kongo au Sudan Kusini miezi kadhaa, wakirudi laini imefungwa kwa kutotumika na namba amepewa mtu mwingine. Mtu huyo si mwizi. Amenunua laini yake kihalali. Lakini jumbe za kufungulia akaunti za mwenzake zinamfikia yeye. Kabla ya namba kupewa mtu mpya, ikae muda mrefu, na mwenyewe wa zamani aonywe kwa njia zaidi ya moja. Na suala la laini ya kuazima litafutiwe dawa: siku maalumu, mahali maalumu, mtu na aliyemsajilia waje pamoja, jina libadilishwe bila malipo.

Kuhusu pesa, ombi langu ni fupi. Tupeni namba moja ya bure, fupi, ya mitandao yote, usiku na mchana, ambayo aliyetuma pesa kwa kudanganywa akipiga, pesa hizo zishikwe kwanza na maswali yafuate. Barua ya polisi iletwe kesho yake. Pesa huondoka kwa dakika, na barua huchukua siku. Na laini iliyobadilishwa, yaani namba iliyohamishiwa kadi mpya, isiruhusiwe kutoa pesa siku hiyo hiyo. Ujumbe uende kwanza kwa mtu wa karibu ambaye mwenye laini alimwandikisha. Mama aliyepoteza simu kweli atavumilia siku moja. Mwizi ndiye asiyeweza kungoja.

Na lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwa Katiba tangu marekebisho ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Basi kianzie kwenye onyo. Tapeli wangu alijua kwamba hapa Kiswahili kinafungua mioyo; yeye alikitumia, ninyi bado. Maonyo yote niliyowahi kupokea kuhusu usalama wa akaunti yalikuwa ya Kiingereza, marefu, yamejaa maneno ya ofisini. Andikeni Kiswahili, Kilugbara, Kiarabu cha Juba. Andikeni kwa sentensi ambayo mtu anaweza kuisoma akiwa anahesabu chenji.

Baada ya ile wiki nilijifunza mengine, kidogo kidogo, kwa kumsumbua kijana wa shemeji. Nimeweka namba ya siri ya hatua ya pili kwenye WhatsApp, pamoja na barua pepe ya kuirudishia nikiisahau. Naangalia kila Ijumaa orodha ya vifaa vilivyounganishwa, kwa kuwa mtu aliyeshika simu yako dakika moja anaweza kuacha kompyuta yake imeunganishwa na kuendelea kukusoma kimya kimya. Neno la siri la barua pepe nililibadilisha kwanza kabla ya mengine yote. Aliyeshika barua pepe anaweza kuomba upya maneno ya siri ya kila akaunti nyingine. Zamani lilikuwa moja kila mahali, jina la mwanangu na mwaka wake wa kuzaliwa. Sasa kila akaunti ina lake, refu, maneno manne yasiyohusiana. Nambari za dharura za barua pepe nimeziandika kwenye karatasi, iko ndani ya sanduku la vitenge vya harusi. Laini yenyewe nimeifunga kwa namba ya siri, ili ikichomekwa kwenye simu nyingine isiwake. Na nimejifunza kubonyeza ##002# kufuta uhamishaji wa simu, kwa sababu wapo wanaokudanganya ubonyeze nyota na tarakimu fulani, kumbe umewahamishia simu zako, na namba ya uthibitisho ikisomwa kwa sauti inawafikia wao.

Mengine ya haya huchukua dakika tano. Kila ajenti wa pesa za simu ana kibanda chenye rangi ya kampuni, na kila kibanda kina nafasi ya bango. Mabango ya bahati nasibu yanabandikwa kila mwezi. Kwa nini hili halibandikwi?

Jambo la mwisho ni la aibu. Kwa wiki mbili sikuwaambia wenzangu wa kikundi kwamba nilimsomea mtu zile tarakimu kwa kinywa changu mwenyewe. Nilisema tu "nimedukuliwa". Aliyeibiwa hapa hupokelewa kwa swali moja: ulimpaje? Swali hilo limewanyamazisha wengi, na wakinyamaza, mwizi anahamia kwa jirani na maneno yale yale. Nilipolisema hatimaye, wawili kati yetu wakasema wao pia walipigiwa na sauti ile ile ya upole. Mmoja alikaribia kusoma. Wafundisheni maafisa wenu wasiulize swali hilo kwanza. Waulize: laini iko wapi, pesa zilienda namba gani, saa ngapi.

Mteja wangu wa Ariwara ameendelea kununua kwangu. Namrudishia kidogo kidogo, kwa vitenge, ingawa yeye anasema si deni langu. Hadi sasa nimefikisha 250,000. Karo ya yule mtoto tuliichanga kikundi kizima.

Nimeandika kwa kalamu nzito, kwenye karatasi kubwa, mistari sita ya Kiswahili: mtu wa kampuni hakuombi tarakimu, ukimpa kwa bahati mbaya isajili WhatsApp upya sasa hivi, wapigie watu wako kwa sauti uwaambie si wewe, na mengine matatu. Ajenti aliye karibu na lango la soko amekubali niibandike kwenye kibanda chake. Mvua ya juzi imefuta mstari wa pili, ule muhimu. Nitaiandika upya Jumatatu. Mkinifikishia ya kwenu kabla ya hapo, yenye muhuri na namba ya kupiga, nitabandika hiyo.

Wenu mtiifu,
Muuza vitenge,
Arua